Yule Anayevuta Kamba

Jumanne moja ya mwezi uliopita, asubuhi, mke wangu alizima pampu kabla ya kumaliza tuta la mwisho. Wasomaji wangu wa siku zote wanamfahamu mwanamke huyu. Siku nyumba ya jirani iliposhika moto, alimwagilia tuta lake kwanza, ndipo akakimbia na ndoo. Kwa hiyo nilipousikia ukimya ule kutoka bondeni, nilijua kuna neno. Alipanda akiwa na simu mkononi, miguu imejaa tope la mto Naviundu, akaniambia, "Fundi yetu amekufa." Kisha akapindua ndoo, akaikalia, akalia. Nami, ninayelipwa na gazeti hili kwa kusema, nikachuchumaa tu kando yake.

Fundi huyo hakuwa rafiki yangu wa karibu. Sikuwahi kula bukari, ugali wetu wa hapa, kwake, wala yeye kwangu. Babu yake alitoka Kasai, na yeye mwenyewe alisoma hadi akamaliza, Kifaransa chake kimenyooka kuliko cha wakubwa wetu wengi, lakini alichagua kukaa chini ya bati kando ya barabara, hapa Naviundu, akitengeneza injini ndogo za pampu, za jenereta na za vinu vya mahindi. Alikuwa na sharti moja lililowaudhi watu. Hakufungua injini mpaka aje yule anayevuta kamba ya kuiwasha. Aliyeinunua alikuwa si kitu. Mwenye karatasi za duka alikuwa si kitu. "Mashine iko na mwenyewe moja tu," alikuwa akisema, "ni ule anaivutaka kamba kila asubui." Watu wenye haraka walimtukana wakaenda kwa mafundi wengine. Mmoja wa hao watu wenye haraka nilikuwa mimi.

Ilikuwa katikati ya kiangazi, majira ambayo mto wetu unapungua hadi mawe yanaonekana. Mke wangu alikuwa amepanda kabichi na lengalenga, mchicha wetu, za kuuza kabla shule hazijafunguliwa, na kila mama wa bondeni anajua kwamba mboga za wakati huo ndizo zinazowavalisha watoto sare na kuwaingiza darasani. Pampu yetu ikafa. Ilimfia mkononi asubuhi, na jioni ile ile akaitwa mbali, Lukafu, kwa kaka yake, kwenye kilio. Akanipigia simu kutoka huko, "Peleka kwa fundi, umungojeshe mupaka nifike." Mimi nikajiona mwanamume mwenye akili. Ningengoja nini, na kabichi zinainama? Nikatupa pampu ile nyuma ya banda la kuku, nikaenda mjini, nikarudi na nyingine mpya, nyekundu, inang'aa. Jirani alikuja kuishika. Mke wangu aliporudi aliitazama tu, akasema, "Sawa, papa." Ninyi mlio na wake mnajua uzito wa "sawa" ya namna hiyo.

Pampu mpya haikufikisha hata mwezi. Ilipiga kelele moja kama sufuria iliyoanguka, ikasimama, na mafuta meusi yakamwagika kwenye nyasi. Tulimwagilia kwa ndoo siku mbili, sisi wawili, na bado nusu ya lengalenga ikakauka. Siku ya tatu nilizipakia pampu zote mbili kwenye mkokoteni, nikampelekea fundi, nikiwa na hasira ya kutosha mtaa mzima. Nikamwambia afungue haraka. Hakuinuka hata kidogo.

"Mwenyewe iko wapi?" akaniuliza.

"Ni mimi. Zote mbili nilinunua mimi."

"Apana, papa. Weye ulinunua. Nani anavutaka kamba?"

Nikamwita kila jina baya ninalolijua, na katika kazi hii ninayajua mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akanisogezea kiti. Basi nikampigia simu mke wangu, akaja na tope lake miguuni. Fundi aliinuka kumpokea, akampa jambo, akimsalimia kwa mikono miwili, akaanza kumwuliza kama daktari anavyomwuliza mama wa mgonjwa. Ilikufa mbio, mara moja, ao ililiaka kwanza? Mke wangu akasema ililia siku mbili, sawa mutu mwenye kikohozi. Zote mbili? Zote mbili. Ilikuwa inakalaka wapi? "Pa mukingo," akajibu. "Mto inashuka, na miye nashuka nayo. Nasukuma mashine chini kila wiki, bomba ifikie maji."

Fundi akachukua chupa ya plastiki yenye maji nusu, akailaza juu ya pampu, kisha akaiinamisha pampu taratibu kama inavyokaa kwenye mteremko wetu. Maji yote yakakimbilia upande mmoja wa chupa. "Unaona, mama? Na mafuta ya ndani inakimbiaka vile vile. Upande hii inakunywa, upande ile inakufa kiu." Akafungua zote mbili mbele yetu, akipanga kila kipande juu ya gunia na kumpa mke wangu ashike kwa mkono wake. Ile ya zamani, chuma chake kizito, mkono wa pistoni ulikuwa umeungua lakini mwili wake mzima. Ile mpya, mkono umekatika na kutoboa ubavu. Akainua macho kwangu, bila kucheka. "Papa, ulinunua mashine mupya, ukaipatia kifo ya zamani."

Ilinichoma, na nasema wazi kwamba nilistahili. Mpya akasema tuizike. Ya zamani akaifufua siku ile ile, lakini hakukubali kuitoa mpaka niisikie dawa ya kwanza, nayo ilikuwa jembe. Kila mto unaposhuka, mwanamume wa nyumba ashuke achimbe ngazi bapa kwenye ukingo, mashine ikae sawa kama sahani mezani. Chupa alimpa mke wangu bila malipo. Kabichi ziliokoka, na watoto wakaingia darasani siku ya kwanza pamoja na wenzao.

Msidhani alikuwa mtu wa kupenda vyuma vikuukuu. Nilikuwapo siku mfanyabiashara mmoja wa kutoka Kivu, muuza saruji, alipomletea jenereta ya marehemu baba yake. Aliivuta kamba mwenyewe, kwa hiyo ilifunguliwa. Ufa ulipita kuta zote za injini. Mtu yule alitaka iunganishwe kwa moto, kwa bei yoyote. Fundi akakataa. "Baba yako alikuachia akili ya biashara, hakukuachia hii chuma. Nunua ingine, nayo itakutumikia siku mingi." Angeweza kula kwa jenereta ile mwaka mzima, kila wiki ikiharibika. Hakutaka.

Tangu hapo nimekuwa nikiutazama mji wangu kwa jicho la fundi yule, na sipendi ninachokiona. Mtaani kwetu kuna kisima chenye pampu. Imekufa mara tatu, na mara tatu imeletwa mpya. Hotuba, utepe, makofi, picha. Hata siku moja hakuja mtu kuwauliza kina mama wenye ndoo: ililiaka kwanza? Wangesema. Wanajua mchanga unaingia tangu lini, na upande gani. Tunabadilisha mashine, tunabadilisha mwalimu mkuu, tunabadilisha mchungaji, na mteremko ni ule ule. Halafu tunashangaa! Tunasema vitu vya siku hizi ni vibovu. Vingine ni vibovu kweli, lakini vingi tunaviua sisi wenyewe, kwa mikono iliyouzoea ugonjwa.

Na hapa nina ugomvi na marehemu, nitausema hata kama hajazoea kaburi. Nilipokwenda kwenye kilio, mjane wake aliniambia kwamba kifua kilikuwa kikimlilia tangu kabla ya Pasaka. "Nilimuambia twende hospitali. Anasema, kiangazi iishe kwanza, bamama iko na mboga." Eh, fundi! Wewe uliyetufundisha kusikiliza mlio wa kwanza! Mke wako ndiye aliyekujua kila asubuhi, yeye ndiye aliyekuwa mwenyewe, na hukumsikiliza. Nilitaka kumkasirikia sana, lakini pale kwenye mkeka nilitazama watu waliokuja, nikaona nusu yao ni wanawake wenye tope miguuni, nikashindwa.

Siku ya pili baada ya mazishi, pampu yetu ikakataa kuwaka. Nikasema kilichokuja mdomoni: fundi hayupo tena, nitakwenda mjini kununua nyingine. Mke wangu akanionyesha kamba. "Vuta."

"Mimi?"

"Vuta, papa. Halafu uniambie unasikia nini."

Miaka yote hii nimechimba ngazi kwa jembe, sijawahi kuishika kamba ile. Nikavuta. Sikusikia kitu. Akaniambia nivute tena, nikavuta hadi bega likauma, na mara ya tano nikasikia: inataka, inashika, inakosa moto. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akafungua buji, ile plagi ya kutoa cheche, nyeusi kwa masizi, akanipa niisugue kwa mchanga na kitambaa. Akalaza chupa ya marehemu juu ya mashine, maji yakatulia sawasawa. Nikavuta. Ikawaka, na maji yakapanda kwenye matuta.

Kwa hiyo wasomaji wangu, mtakaponiuliza kama kitu cha kale kitengenezwe au kiletwe kipya, iwe mashine, shule au ndoa, sitawajibu. Nendeni kwanza mkamwulize anayevuta kamba, na kama hamumjui ni nani, basi shukeni mkavute wenyewe. Mimi sasa navuta kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, na kiganja changu kina sugu. Jana mke wangu alikishika, akakigeuza, akasema, "Aya. Sasa na weye ni mwenyewe."