Fuwele Zilizokua Gaëtan Akiwa Chini ya Theluji

Gaëtan Perrachon alizikwa Ijumaa. Jumatatu Odile Marchais alirudi maabara, pale Grenoble, kwa kuwa hakujua aende wapi kwingine. Walikuwa wamefanya kazi meza moja tangu wote wawili hawajaota mvi. Gaëtan alikuwa akicheza mchezo wa kuteleza mlimani peke yake, theluji ikamporomokea.

Kazi yao ilikuwa kuitafuta sura ya protini inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Ikiwa peke yake imelala. Kiamshi chake kikija kuishika, inaamka na ujumbe unaondoka. Lakini umbo lake halionekani mpaka igande kuwa fuwele, ndipo ipigwe miale ya eksirei. Miaka yote iliwatolea tope tu. Odile alishakata tamaa. Gaëtan aliendelea kutega matone yake ya protini kwenye sahani na kusubiri.

Asubuhi hiyo mkuu wao alimwomba aiondoe mizigo ya marehemu kwenye chumba cha baridi. Odile aliweka kila sahani chini ya darubini kabla ya kuitupa, kwa heshima tu. Moja ilikuwa na fuwele, nyembamba, safi, kingo zake kali kama kioo kilichokatwa.

Siku moja kabla ya kupanda mlimani, Gaëtan aliichungulia sahani hiyohiyo akasema haina kitu. Basi zilikua yeye akiwa amefukiwa. Odile aligeuka kumwita, jina likamfia mdomoni.

Miale ilifanya kazi yake, na sura ikatoka: protini imekishika kiamshi chake, mkunjo mmoja umeinuka kama kope. Ila kando ya kiamshi kulikuwa na kibonge ambacho hakikuwa protini, wala maji, wala chumvi yoyote waliyoitumia. Odile alichanganya dawa zilezile upya, tena na tena, akapata tope. Wenzake walitaka wakibandike jina lolote, kazi iishe.

Mama yake Gaëtan alikuja kuiona sura hiyo, kabeba keki ya kokwa za jozi za shamba lake. Alikaa mbele ya kompyuta bila kuvua koti.

"Kumbe hii ndiyo iliyokuwa inaninyima mwanangu Jumapili."

"Ndiyo hii, mama."

"Hapo imelala?"

"Imeamka. Hicho cha rangi ya machungwa ndicho kilichoiamsha."

Kidole cha mama kikasogea kando. "Na hiki?"

"Hatukijui. Labda alikitia yeye, labda kiliingia chenyewe."

Mama aliondoa kidole. "Basi msikipe jina la uongo," akasema.

Hawakukipa. Ripoti ilitoka jina la Gaëtan likitangulia, kibonge kikaachwa cheupe, bila jina. Watu wa nchi nyingine humwandikia Odile kwamba wamejaribu kuzikuza fuwele hizo, wameambulia tope. Huwajibu kwa upole kwamba hata yeye hajaweza.

Asichowaambia ni habari ya mlango wa chumba cha baridi. Feni za mle zina kelele, na Gaëtan alikuwa akigonga mara mbili asimshtue aliye ndani. Siku nyingine Odile huwa mle ameinamia sahani, akasikia kugongwa. Husema, "Ingia, nakaribia kumaliza," na hainui kichwa mpaka baridi imtoe.