Presha Mbili za Mama Pindo

"Hata mfungwa haulizwi kila asubuhi katia chumvi kiasi gani! Mimi nimekuzaa au umeniajiri?"

Ni Mama Pindo huyo, akimfokea bintiye mpaka nikasikia kwangu, ng'ambo ya ukuta. Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina kapewa na wateja, maana akipinda gauni uzi huuoni. Ana ugonjwa wa presha, na bintiye, mtu wa ofisini, alimwekea kwenye simu yake akili bandia ya kuangalia wagonjwa. Kila asubuhi simu humwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, mama. Una presha leo? Chumvi umetia kiasi gani?" Naye hujibu, huvaa kile kitambaa cha kupimia mkononi, husoma namba kwa sauti, na habari zote humfikia binti.

Ugomvi ulizaliwa na neno. Shule zilikaribia kufunguliwa, sare zimejaa mpaka kitandani. Simu ikauliza, naye akajibu huku anakanyaga cherehani: "Presha ninayo, tena ya kufa mtu! Wazazi wamenikaba koo." Simu ijulie wapi presha ya sare? Ikampigia binti kelele. Binti akaja mbio, hakuuliza kitu, akachomoa mkanda wa cherehani akautia mkobani.

"Utapumzika, mama."

Cherehani bila mkanda ni meza tu. Wateja wakawa wanagonga, yeye anawajibia dirishani kama kuku aliyefunikwa tenga. Kufoka kote kule hakukumrudishia kitu.

Basi akageuza ulimi. "Sina presha kabisa, mwanangu," akawa anaiambia simu, na namba nzuri anaitaja, kitambaa kikiwa kabatini. Simu ikampa hongera. Haukupita muda, mkanda ukarudi.

"Unamdanganya nani?" nikamuuliza. "Simu haina mishipa."

"Dada, nikisema kweli nafungiwa. Nikisema uongo nakula. Wewe ungechagua lipi?"

Nikamsaidia kukunja sare.

Mchana mmoja akaanza kuona vitu viwiliviwili. Sindano ikampita kidoleni, akaketi chini, hajiwezi. Nikamkokota hadi zahanati. Pale kwenye benchi, watu waliposikia habari ya simu, wakaanza kuisema kama mtu anavyomsema wifi yake.

"Yangu hunikumbusha vidonge kuliko mke wangu," akasema mzee mmoja, "na hainuni."

Mama wa pembeni akabinua mdomo. "Kichongezi hicho! Wanangu wajue nilichokula, kwani mimi nawauliza walichokunywa?"

Watu wakacheka. Mama Pindo hakucheka.

Binti akafika machozi yanamtoka. "Mama, kumbe zile namba zote..."

"Za uongo. Ningesema kweli ungeniachia kazi?"

Binti akainamisha kichwa. "Nisingekuachia."

"Basi ndiyo hivyo."

Nesi alikuwa amemwacha na kipimo mkononi. Mama Pindo akakibonyeza mwenyewe, akangoja kikaze, kilegee, kisha akamgeuzia bintiye aone. Namba ya juu: mia moja themanini na tisa.

"Hiyo ndiyo uliyokuwa ukinidai kila asubuhi," akasema. "Nimelipa. Haya, kanifungie."

Binti akamvua kitambaa taratibu, asiuachie ule mkono.

"Sitakudai tena, mama."