Baba alikataa mfereji wa umeme, mchumba wangu akaolewa ng'ambo ya mto

Wakuu heshima zenu, na wadogo zangu mliopo humu salaam.

Nimesoma uzi wa jamaa mmoja anayelia kwamba kijijini kwao wazee wameng'oa vigingi vya mradi wa sola. Nikacheka, halafu nikanuna. Mimi yalinikuta zamani na mpaka leo roho inaniuma.

Sitatia chumvi. Wahusika wengi bado wapo hai na wana simu.

Mimi ni Mmatengo wa pande za Kitura, Mbinga. Kijiji sikitaji.

Ilikuwa enzi zile biashara imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda mlimani na magari yao, chama cha ushirika kinawaangalia tu. Kila mtu alikuwa na wazo la biashara. Mzee Ditram, jirani yetu, wazo lake lilikuwa umeme wa maji.

Mzee huyu aliwahi kufanya kazi karakana ya misheni, huko ndiko alikoona tabaini, lile gurudumu la chuma linalozungushwa na maji kutoa umeme. Akapata moja iliyotumika, akaja nayo imefungwa magunia. Mpango wake ulikuwa achepushe maji ya mto wetu kwa mfereji, yapite ubavuni mwa mlima, yashuke kwa bomba kuzungusha hiyo tabaini, kisha yarudi mtoni. Umeme ungewasha taa za majirani na kuendesha mashine ya kusaga.

Hapo kwenye mashine ya kusaga ndipo ninapoingia mimi.

Nilikuwa na mchumba, Hilda. Mrefu, mcheshi, na mdomo anao! Dada zake wote walikuwa wanabeba mahindi kichwani, wanashuka mlima na kupanda mwingine kwenda kusaga mjini.

Akaniambia waziwazi, "Nakupenda, lakini kichwa changu si cha kubebea madebe. Mashine ikifungwa kwenu, njooni mpose. Isipofungwa, usinipotezee muda."

Nikamwambia aanze kushona gauni.

Tatizo ni kwamba mfereji ulipaswa kupita kwenye ntambo wetu. Kwa wasiojua, ntambo ni ubavu mzima wa mlima unaomilikiwa na ukoo mmoja, na msemaji wa ukoo wetu alikuwa baba yangu. Tena ubavu wote ni ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia yanayozuia udongo usiporomoke.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Ditram, hayo maji yakishatolewa umeme yanabaki na nini?"

"Yanabaki maji yaleyale," Mzee Ditram akajibu. "Yanasukuma chuma tu na kwenda zake."

"Anayesukuma hachoki?"

Aisee, mkutano ulilipuka kwa makofi!

Watu wa bondeni, wanaooshea kahawa maji ya mto huo, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Huyu anasema maji yaliyochoka hayataondoa utelezi kwenye kahawa, yule anasema wanunuzi watatushusha daraja. Mama mmoja akasema maji yakitolewa umeme ni makapi, hata maharage hayataiva.

Nikanyoosha mkono, nikaeleza nilichofundishwa shuleni. Baba akanikatiza.

"Kaa chini. Wewe unatafuta mke."

Watu wakavunjika mbavu. Nilikaa.

Mwisho wakampa Mzee Ditram masharti. Mfereji usikate ngolo hata moja. Mashine isizunguke msimu wote wa kuosha kahawa. Waya usipite juu ya kahawa ya mtu. Sasa kwetu ukitoa ngolo na kahawa unabaki na nini? Labda uwanja wa kanisa.

Jioni tukiwa tunakula ugali na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, baba akatoa la moyoni. "Nilikaa dawati moja na Ditram. Leo nile chini ya taa yake? Kila nikiona mboga yangu nimkumbuke yeye?"

Kumbe! Si ngolo wala kahawa. Ilikuwa roho ya kwa nini. Nilimbembeleza mpaka akatishia kunifukuza nyumbani.

Mzee Ditram hakubishana. Akaenda kwa shemeji zake ng'ambo ya mto. Kule ni miamba mitupu, wakapasua mawe kwa nyundo na patasi, msimu baada ya msimu. Baba anawaangalia kutoka kibarazani na kuwacheka.

Hilda alisubiri, sitamsingizia.

Siku taa zilipowaka kule, baba aliacha kucheka. Mashine ikaanza kunguruma, na aliyeiendesha ni Menas, mtoto wa Mzee Ditram. Mfupi, masikio makubwa, hata kuongea na wasichana alikuwa hajui.

Hilda akaanza kwenda kusaga kule. Mwanzoni na mdogo wake. Baadaye peke yake. Baadaye hata debe lenyewe halijai.

Harusi yao niliisikia yote nikiwa kwetu. Spika zimeelekezwa upande wetu, balbu za rangi zimezunguka nyumba. Wakuu, niliona wivu. Nilimwonea Menas, nikaionea mashine yake, nikauonea hadi ukuta wao kwa jinsi ulivyong'aa. Nikaomba mvua kubwa ije ibebe ule mfereji. Mvua ikaja, ikabomoa choo chetu.

Miaka ikaenda, nikaoa. Kristina ni mke mwema, sina la kusema.

Juzi kati watu wa upande wetu tukaamua kuomba nguzo zivuke mto. Baba mwenyewe, mzee sasa, ndiye aliyenituma. Nikaenda, nikamkuta katibu wa kamati yao ya umeme ni Hilda.

"Karibu, kaka," akasema.

Kaka!

Akanieleza kwa upole kwamba wazee wao wamekaa na wamekataa. Wanasema waliwapasulia watoto wao miamba huku wanachekwa, basi waliocheka waendelee na koroboi zao.

Nikampelekea baba majibu. Akasonya. "Watu wa kule wana wivu sana."

Nikawasha koroboi.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wakipinga mradi watakutajia maji, mashamba, makaburi, na mengine ni ya kweli, wasikilizwe. Ila chunguza pia nani anaogopa taa ya nani. Mwenye mradi, kabla hujapima mfereji, nenda kwa jirani yako mkorofi ukamwombe muwe wabia.

Somo nimelielewa. Wivu ndio haujaisha.

Simu hii nimetoka kuichaji dukani kwao sasa hivi. Hilda kanikabidhi mwenyewe, imejaa, kanitakia safari njema. Nyuma yake Menas yuko kwenye kiti anakoroma. Anakoroma, wakuu, na feni inampepea!

Karibuni kwa maoni. Wewe unayetaka kuniambia nimsahau, pita kimya.