Walisafisha sauti ya bahari, wakamfuta bibi yangu

Wakuu, habari za humu. Kisa hiki sikukitunga, kimenikuta mwenyewe na hasira bado ninayo.

Kulikuwa na maonesho Mji Mkongwe, ya kutafuta historia za bahari zilizofichika kwa njia ya sanaa, sauti na nyaraka. Mimi nilipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya ukutani. Kwenye nyaraka zao nikakuta kanda ya zamani ya wanawake wa Chwaka wakipiga makumbi.

Kwa wasiojua: makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mashimo ufukweni mpaka maji ya bahari yayalainishe, kisha hupigwa kutoa nyuzi za kusokotea kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, na alama yake ni mawe.

Nikairopoka habari hiyo nyumbani, Kiembe Samaki. Shangazi yangu Bi Mize akaacha kuchambua mchele. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa akipiga makumbi hukohuko Chwaka, akafariki shangazi akiwa mtoto.

"Sura naikumbuka," akaniambia. "Sauti ndo ishanitoka. Nipeleke nkaisikie."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Niliomba asikilize mapema, nikaambiwa tusubiri opening. Siku ya opening ikawa hotuba juu ya hotuba. Kila mheshimiwa anaisifu bahari huku kaipa mgongo. Shangazi kasimama na baibui lake jipya, miguu imemvimba, na mbele kuna viti vya VIP vitupu ambavyo haturuhusiwi hata kuvigusa.

Mwishowe tukaingia chumba cha sauti. Giza, taa za buluu, spika kila kona.

Mawimbi. Kinanda kwa mbali. Mawimbi tena.

"Mbona watu hamna?" shangazi akauliza.

Nikamfuata msanii aliyeitengeneza. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba kanda ilikuwa na noise nyingi, kuna mwanamke anafoka tu humo ndani, ikabidi waisafishe ili bahari isikike.

Noise! Jamani, bahari si ipo hapo Forodhani, bure, saa zote?

Fundi mitambo, dada mmoja anaitwa Zuhura, alitusikia. Akamwamkia shangazi, akamvisha headphone, nyingine akanipa mimi, akafungua kanda ya asili kwenye laptop yake.

Makumbi yanapigwa. Kisha mwanamke anafoka: "We bwana! Rudisha mawe yangu! Sasa ntalijuaje shimo langu?"

Kumbe aliyekuwa akirekodi kachukua mawe ya alama, kaegemezea mashine yake. Wenzake wanacheka. Yule mwanamke akapaza sauti zaidi: "Mize! Mize we! Njoo usimame penye shimo letu!"

"Naam!" shangazi akaitika.

Kaitika kwa nguvu, ukumbi mzima ukageuka. Kisha machozi yakamtoka, na mimi nikalia naye, sioni haya kusema.

Kwenye kanda mawe yakasikika yakirudishwa, ko, ko, moja moja.

Nikaomba kopi. Nikaambiwa kuna policy, niandike barua pepe. Nikaandika. Jibu: ombi lako linashughulikiwa. Maonesho yamefungwa, spika zimepakiwa kwenye masanduku, ombi bado linashughulikiwa. Zuhura anaogopa kunitolea kopi kwa siri asije akamwaga unga wake, na simlaumu.

Nilichojifunza: ukiambiwa kitu kimesafishwa, uliza kwanza nani katupwa pamoja na uchafu. Na kama una mzee nyumbani, mrekodi leoleo kwa simu yako. Akiwa anafoka, ndiyo vizuri zaidi.

Kama kuna mtu humu anajua mlango wa kugonga, aniambie hapa chini, hata wa kunicheka karibuni. Maana kila nikirudi nyumbani, kabla sijavua viatu, shangazi hana swali jingine:

"Washarudisha mawe?"