Kurasa Safi za Mama Nukta

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watoto wasioona vitabu vya shule. Alikaa mbele ya mashine nzito ya chuma yenye vitufe sita na kimoja kirefu cha kuruka nafasi, akipiga nukta zilizotuna kwenye karatasi nene, mistari ishirini na mitano kila ukurasa. Mtaani walimwita Mama Nukta. Kosa la kazi hiyo halifutiki. Nukta ukiikandamiza kwa ukucha, macho hayaioni tena, lakini kidole kinaikuta pale pale. Kwa hiyo ukikosea unachana, unaanza upya.

Aliyezikagua kurasa zake alikuwa mwalimu wa shule hiyo, naye haoni tangu utotoni. Ijumaa moja alipitisha vidole juu ya kazi aliyoletewa, akasita katikati.

"Hapa aliingia mtu," alisema.

"Samahani, Mwalimu?"

"Ulikuwa unakwenda vizuri, mara akaingia mtu, ukaruka mstari mzima. Na hapa karudi tena." Akafunua ukurasa mwingine. "Hiki ni kitabu cha hesabu, mama. Sita na saba zinatofautiana nukta moja. Mtoto akipata jibu tofauti na wenzake, hatasema kitabu kimekosewa. Atasema yeye ndiye mjinga."

Hakupandisha sauti. Aliongeza tu kwamba nusu ya pili ya kitabu ikija hivi, atamtafuta mtu mwingine.

Jumatatu yake Mama Nukta aliweka kipande cha chaki kando ya mashine, na kila alipokatizwa alichora mstari ukutani. Jioni alihesabu arobaini na moja. Simu ilikuwa imemtoa kazini mara nane, majirani mara sita, muuza maziwa mara moja. Ishirini na sita zilizobaki zote zilikuwa za mdogo wake.

Mdogo wake alihamia kwake miezi saba nyuma, baada ya kufiwa ghafla na mumewe, dereva wa lori. Kwa miaka thelathini na moja mwanamume yule alikuwa akirudi safari, anavuta kigoda jikoni, anasikiliza. Mke anapika huku anasimulia, naye anaitikia "enhe" na "ikawaje", mpaka chakula kinaiva. Alipokufa, yale maneno hayakuwa na pa kwenda. Yakamfuata dada mtu mlangoni pa chumba cha kazi.

Mama Nukta alianza na mepesi. Simu aliizima, akaitia kwenye kopo la unga jikoni. Majirani aliwaambia dirishani waje alasiri. Walinuna, wakasema siku hizi kawa ofisi ya serikali, kisha wakazoea. Kisha akamkalisha kitako mdogo wake.

"Kuanzia saa mbili mpaka saa nane mimi sipo," alimwambia. "Hata ukiniona, sipo."

"Hata chai nisikuletee?"

"Chai nitaifuata mwenyewe."

Mdogo mtu alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akasema amesikia.

Alijitahidi siku tatu. Ya nne alibisha kuuliza sabuni iko wapi, na sabuni alikuwa ameishika mkononi. Akarudi kuuliza kama nguo zianuliwe, maana wingu limetanda. Mara ya tatu alifungua mlango akasema hakuna anachotaka, anapita tu.

Wiki iliyofuata Mama Nukta alikuwa kwenye jedwali la sehemu, ukurasa aliokwisha kuuchana mara mbili. Alikuwa amefika mstari wa ishirini na nne. Mlango ukafunguka.

"Dada, nimemwota tena. Leo alikuwa amekaa jikoni, akawa ananiambia..."

Kidole kikateleza. Mama Nukta aliichomoa karatasi, akaikunja mara mbili taratibu. Angefoka, lingekuwa jambo dogo. Wangegombana, wakalia, wakala pamoja usiku.

"Aliyekuwa na kazi ya kukusikiliza amekufa," alisema bila kugeuka. "Mimi sikuomba nafasi yake."



"Sawa, dada," mdogo wake alisema. Akaufunga mlango huku ameshika kitasa, ili usilie.

Mama Nukta alifikiria kuinuka. Mikono ilikuwa tayari imeegemea meza. Kisha akatia karatasi mpya, na ukurasa ule ukatoka bila kosa hata moja.

Kuanzia siku ile hakubishiwa tena. Mdogo wake alitembea peku ndani ya nyumba, aliosha sufuria nje, na akikohoa alijiziba mdomo kwa upande wa nguo. Nusu ya kitabu iliyotazamiwa kuchukua miezi minne iliisha kwa wiki saba.

"Hizi ni safi," Mwalimu alisema, vidole vikiteleza bila kusita. "Sijui umefanya nini, lakini usiache." Akampa kitabu cha sayansi, na baada yake cha historia.

Saa nane ilipofika Mama Nukta alitoka chumbani mgongo ukimuuma, akitamani kupiga soga kidogo.

"Siku hizi shemeji humwoti?" alimuuliza siku moja, akijaribu kucheka.

"Siku hizi sioti, dada."

"Sasa mbona umenyamaza hivyo?"

"Hapana, nipo tu."

Na kweli alikuwepo tu. Alikonda. Binti yake alipokuja kumtazama, hakukaa hata saa nzima kabla ya kumfuata mama yake mkubwa uani.

"Nataka kumchukua mama, Mama mkubwa."

"Kwani nani kamfukuza?"

"Hakuna aliyemfukuza," binti alijibu. "Ndiyo maana tumechelewa kujua."

Wakaondoka kesho yake saa nne asubuhi. Mama Nukta alisikia mabegi yakiburutwa, akasikia gari likiwashwa. Alitega sikio akingoja hodi. Haikuja, kwa kuwa saa nane ilikuwa bado. Alikuwa katikati ya ukurasa, naye akaumaliza.

Baada ya miezi miwili alikwenda kuwaona. Akiwa bado nje ya mlango alisikia sauti ya mdogo wake, haina breki, ikiiga mtu fulani, na wajukuu wakicheka hadi kupaliwa. Alisimama pale kitambo. Alipoingia sauti ikakatika. Mdogo wake aliinuka haraka, akafuta kiti kwa kiganja.

"Karibu, dada. Nyamazeni nyie, bibi yenu amechoka na kazi." Kisha akamuuliza kwa upole, bila kijembe chochote, "Hatukupotezei muda?"

"Hapana," Mama Nukta alisema.

Watoto walikaa wameshika mikono, wakimtazama. Alikunywa chai yake yote kabla haijapoa, akaaga.