Aliyelala Godoro la Chini

Kama umezoea visa vya majini wenye kwato na wanawake warefu wa barabarani, hiki huenda kikakuchosha. Hapa hakuna kwato. Kuna mtoto tu, na miguu yake. Lakini miguu hiyo niliigusa kwa mkono huu, nikaifuta kwa nguo yangu mwenyewe, na aje hapa Segese mtu wa kuniambia nilikuwa naota. Nilikuwa macho, nimesimama, tena nina hasira.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule. Mume wangu, Baba Mbuke, aliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa na haraka ya kuhama, na sisi kwa ushamba wetu wa kijijini Songwa tukadhani haraka yake ni bahati yetu. Chumba kimoja chetu, kimoja cha watoto. Hicho cha watoto nikikiita chumba nakisifia. Ukishaweka kitanda cha deka na ndoo ya nguo, kimekwisha. Deka ya juu alilala Mbuke, binti yangu mkubwa, nimemzungushia kanga iwe pazia, maana binti ni binti. Ya chini walilala wadogo zake, Masanja na Ema, mzungu wa nne: kichwa cha huyu huku, kichwa cha yule kule, na kesi za nani kampiga nani teke hazikuisha. Hata hivyo tulikuwa tumeenea. Kisha wifi yangu akafariki, akaletwa mwanawe, Limi.

Limi alikuwa na miaka minane, na alikuwa mtoto wa kuomba radhi hata kwa hewa anayovuta. Nikimpakulia ugali anapunguza. Nikimwambia kaa, anakaa nusu ya kigoda. Wazee walisema yatima hadeki, lakini huyu alizidi, na mimi iliniuma sana kumwangalia.

Tukamnunulia godoro dogo. Mchana tunalisukuma uvunguni, jioni tunalivuta. Likishavutwa, mlango haufunguki tena ila upenyo wa bega, kwa sababu ulikuwa unafungukia ndani. Baba Mbuke kila siku alikuwa atageuza bawaba kesho. Basi kila usiku nikawa nasukuma bega moja ndani, nanyoosha mkono gizani, nawapapasa watoto mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mayai chini ya kuku.

Sasa kuna jambo nililipuuza. Limi hakuwahi kulala katikati ya godoro. Alijibana ukutani, nusu nzima akaiacha wazi.

"Limi, jinyooshe mwanangu," nilimwambia siku moja.

"Nimeenea, anti. Na mwenzangu ameenea."

"Mwenzako nani?"

Akajifunika shuka. Nilidhani anamwota mama yake. Mtoto aliyefiwa utamhoji nini?

Haukupita muda, akaja kaka yake mume wangu, mwenye duka Geita mjini. Alichungulia kile chumba, akacheka. "Shemeji, hawa ni watoto au dagaa? Nyumba imejaa hii. Kuna mama mmoja kule mjini anatafuta binti wa kumsaidia kazi za ndani. Limi aende, atalala pazuri."

Aliyasema hayo mtoto akisikia. Limi alikuwa mlangoni anaosha vyombo, mikono yake ikasimama ndani ya maji. Nilimwangalia mume wangu, naye akaangalia miguu yake. Wanaume hawa wa machimboni wanashuka shimoni kwa kamba bila woga, lakini mbele ya kaka zao ni kondoo. Wakakubaliana Jumamosi. Unadhani mimi niliulizwa? Kazi yangu ilikuwa kupika.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha tangu alasiri, na umeme ukakatika, kama kawaida yake ukiona wingu. Baba Mbuke alikuwa duarani, ndivyo tunavyoyaita mashimo ya kuchimbia dhahabu. Niliwaambia watoto walale mapema, nikakaa jikoni nakunja nguo za Limi na kuziweka kwenye mfuko. Nililia, sitakuficha. Mtoto wa miaka minane akadekie sakafu za watu kwa sababu mimi nimekosa pa kuweka godoro! Nilipomaliza nikajifuta uso, nikaenda kuwapapasa.

Juu, miguu ya Mbuke. Chini yake, miguu ya Masanja. Nikatafuta kichwa cha Ema kando ya ile miguu, hakipo. Nikateremsha mkono kwenye godoro: nywele za Limi, na kando ya kichwa chake miguu midogo ya mtoto. Haya, nikasema moyoni, Ema kashuka kulala na mwenzake usiku wa mwisho. Nikafarijika hata.

Lakini miguu ilikuwa baridi. Nisikilize vizuri: ilikuwa baridi ya mtungi uliokaa kivulini, baridi ya ndani kwa ndani. Tena ilikuwa na udongo mbichi mpaka katikati ya vidole.

"We Ema! Umelala na matope yote haya?"

Nikachukua pindo la kanga niliyojifunga, nikafuta mguu mmoja, nikafuta wa pili, kidole kwa kidole. Kila nikifuta, udongo upo. Ndipo sauti ikatoka kule gizani, ndogo, kama ya mtu asiyetaka kuwaamsha wengine.

"Mayu, na mimi nafasi ipo?"

Kama akili zangu zingekuwa nyumbani ningeshtuka hapo hapo. Watoto wangu wamekulia senta, hapa madukani, Kisukuma wanakisikia kwa bibi yao tu, na hakuna hata mmoja anayeniita mayu. Wote wananiita mama. Lakini moyo wangu ulikuwa umejaa habari za Limi, na swali lile lilikuwa ndilo nililotaka mtu aniulize tangu asubuhi.

"Ipo," nikasema. "Nafasi ipo. Lala, mwanangu."

Nikavua kanga yangu ya mabegani, nikamfunika, nikaibana pembeni ili upepo usipite. Kisha nikarudi sebuleni, nikawasha tochi ya simu nitafute kiberiti. Kwenye kochi alikuwa amelala Ema, mdomo wazi, miguu mikavu.

Niamini, nilitaka kukimbia. Lakini utakimbia vipi watoto wako wakiwa ndani? Nikarudi na tochi, nikasukuma bega. Limi alikuwa macho, kajibana ukutani. Kanga yangu ilikuwa kwenye ile nusu nyingine, imeinuka kidogo katikati, na mimi naangalia, ikashuka taratibu mpaka ikalala bapa. Shuka lilikuwa limelowa udongo.

"Ameenda," Limi akasema. Hakuogopa. "Kila siku alikuwa anauliza. Mimi nilimwachia upande, lakini nikamwambia sina ruhusa, nyumba siyo yangu."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko nilichokiona.

Kulipopambazuka nikaenda kwa jirani yetu Bibi Nyamizi, ambaye yupo hapa tangu senta ikiwa nyumba za nyasi. Nikamsimulia, na nilipofika kwenye miguu na udongo, akanishika mkono ninyamaze.

"Huyo ni Kabula," akasema. "Mlipouziwa nyumba hawakuwaambia?"

Wale waliotuuzia walikuwa na watoto saba, na chumba ni hicho hicho. Kabula hakuenea. Wakawa wanamlaza kwenye kibanda cha jikoni, na kibanda kilikuwa kando ya duara alilochimba baba yake uani, naye akitafuta dhahabu. Mvua ikanyesha usiku kucha. Mdomo wa duara ukamomonyoka, ukaondoka na kibanda na aliyekuwa ndani. Wanaume walichimba kumtafuta mpaka udongo ukaanza kuwaangukia na wao. Mwishowe wakafukia.

"Wakafukia wapi, bibi?"

"Hapo unapoanika nguo."

Shemeji alipofika kumchukua Limi, alinikuta nimesimama mlangoni. Nilimpa heshima zake zote, nikamkaribisha chai, kisha nikamwambia Limi haendi. Akasema mwanamke gani huyu, nyumba imejaa na bado ana kiburi. Nikamwambia, "Shemeji, neno hilo usilirudie hapa. Lilishamuua mtoto." Akamgeukia mdogo wake amsaidie kunishangaa. Baba Mbuke, ambaye nilikuwa nimekwisha kumsimulia yote, aliangalia kamba ya nguo pale uani, akasema, "Kaka, mtoto abaki." Hawajaelewana vizuri mpaka leo.

Ungefikiri kisa kimeishia hapo, sivyo? Mwaka jana mvua zilipoanza, nilitoka nje nikamkuta mama mmoja mtu mzima uani kwangu, kando ya kamba ya nguo. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekuwa mama wa nyumba hii." Akatazama chini. "Nimesikia ulimwona mwanangu."

"Sikumwona, mama. Niliishika miguu yake tu."

Nilidhani ataniuliza kama mtoto analalamika, kama aliwataja. Alichouliza ni hiki:

"Alikuwa na baridi?"

Wewe ungemjibu nini? Niliona uongo utakuwa dhambi pale penye mwanawe.

"Alikuwa na baridi, mama. Nikamfunika."

Alikaa chini pale pale kwenye udongo. "Walikuwa saba," akasema. "Kila jioni nilisema, Kabula, leo kalale jikoni, kesho tutaangalia. Hakunigomea hata siku moja. Angenigomea, mayu! Angelia tu kidogo!" Nami nikakaa, tukalia wote wawili.

Ile kanga sikuwahi kuifua, udongo ulikuwa umeikaukia. Nikaiingiza kwenye mikono yake. Aliinusa, akaikunja ndogo kama nepi ya mtoto mchanga, akaitia kifuani. "Wabeja," akasema, asante, akaenda zake bila viatu mpaka barabarani.

Kabula hakurudi tena. Au anarudi na hasemi, sijui. Wewe unayenisikia, nyumba finyu si aibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sitakufundisha kupanga chumba chako. Wabananishe, walaze mzungu wa nne, walaze sebuleni ukipenda. Lakini usiseme nyumba imejaa mtoto akiwa anasikia. Atakuamini, atajiondoa polepole, na wewe utasema ana tabia nzuri.

Limi sasa ni msichana mkubwa, ananiita mama. Bawaba ziligeuzwa, mlango unafunguka wote. Bado analala ukutani, na nusu ya godoro ipo wazi. Mvua ikianza kunyesha naingia na kanga mbili. Naitandaza moja pale pasipo na mtu, naibana pembeni, ndipo namfunika yeye.