Ndoo ya Maji Meupe

Mama alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba yetu Boko, mmoja mwekundu, mwingine wa mabaka. Kila Jumamosi aliwanyunyizia dawa ya kupe, na kila Jumapili, akirudi kanisani, aliwakuta bado na kupe masikioni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nilitilia shaka kila kitu, ile dawa ikiwemo.

"Mmoja tumpige maji matupu," nilimwambia. "Tukiona tofauti, tutajua."

"Na akifa, nimkamue nani? Wewe?"

Nikachukua pampu, nikasema kazi hiyo aniachie. Dawa ile ikiingia kwenye maji huyageuza meupe, kwa hiyo kwenye ndoo ya mwekundu nilitia maji na kikombe cha maziwa yake mwenyewe. Mama alipita, akatazama, akaridhika.

Nilihesabu kupe na kuandika kwenye daftari. Baada ya Jumamosi tatu, wa mabaka alibaki na wachache, tena wakavu, wakidondoka ukiwagusa. Masikio ya mwekundu yalijaa. Nakumbuka nilifurahi, nilikuwa na jibu. Nikaongeza Jumamosi moja ili niwe na hakika.

Wiki hiyo mwekundu akagoma kula. Tezi chini ya sikio zikavimba kama yai. Mama alizijua: ndigana kali, ugonjwa wa kupe uliomuulia ndama mwaka uliotangulia.

Akaichukua chupa ya dawa. "Ulisema kweli, mwanangu. Wametuuzia takataka." Alikuwa anakwenda kuimwaga chooni. Jirani alishamshauri atumie oili chafu, na jioni ile angempaka wa mabaka.

Ningeweza kunyamaza. Lakini jaribio langu lilikuwa limeonyesha kwamba dawa ni nzima, na aliyelijua hilo ni mimi peke yangu.

"Mama, usimwage. Mwekundu hajapata dawa. Nilimpiga maji na maziwa."

Alisimama, chupa mkononi. "Maziwa ya nani?"

"Yake."

Hakunifokea. Alimpigia simu daktari wa mifugo, na siku zote za sindano mshika kamba nilikuwa mimi.

Mwekundu alipona, ingawa maziwa hayakurudi kama zamani. Daftari ninalo. Siku hizi dawa anachanganya mama mwenyewe, na kabla hajanipa pampu ananisogezea ndoo puani.

"Nusa. Dawa hiyo, au chai?"

"Dawa, mama."